Sabarimala: hekalu la mlimani, msitu wa Ayyappa

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo kaka Musa anatupeleka Kerala, kusini mwa India. Kaka, zile picha ulizonitumia mimi niliona miti tu, hekalu sikuliona.

MUSA: Ndivyo palivyo, dada Rehema. Hekalu la Kihindu la Sabarimala liko ndani ya Hifadhi ya Simbamarara ya Periyar, milima na msitu kila upande. Wenyeji wanauita msitu ule Poonkavanam, bustani ya mungu Ayyappa. Kwao Ayyappa hakufungiwa kwenye jengo. Ukishaingia msituni umeshaingia kwake, na ndiyo maana safari yenyewe ni ibada kabla hujaliona paa la hekalu.

REHEMA: Huyo Ayyappa ni nani kwao?

MUSA: Wanasimulia kwamba mfalme wa Pandalam alimwokota mtoto mchanga kando ya mto Pamba, akamlea kama wake. Malkia alipojifungua wa kwake akajifanya mgonjwa, akasema dawa yake ni maziwa ya simbamarara. Nia ilikuwa kijana aende porini akaliwe. Kijana akarudi amempanda simbamarara mgongoni! Ufalme akauacha, akaenda kukaa mlimani, bila mke.

REHEMA: Na mahujaji nao wanaishi kama yeye?

MUSA: Kwa siku 41. Hujaji anavaa mkufu wa shanga za tulsi, yaani mrehani mtakatifu, au rudraksha, mbegu ngumu za mti, nguo nyeusi au za buluu, wengine rangi ya zafarani. Nyama hali, pombe hanywi, hanyoi ndevu, hakutani na mkewe, na wengi wanatembea pekupeku muda wote huo. Na tangu avae ule mkufu, kila mtu anamwita Swami, yaani bwana. Rafiki yangu aliyenialika ni fundi umeme, na bosi wake alikuwa akimwita Swami pale kazini, kwa heshima kabisa.

REHEMA: Na furushi wanalobeba kichwani, tueleze.

MUSA: Linaitwa irumudi, lina mifuko miwili. Wa mbele ni wa sadaka, wa nyuma ni wa chakula cha njiani. Na kitu kikubwa kwenye sadaka ni nazi. Nilikaa nao wakiiandaa. Wanaikwangua mpaka iwe laini, wanatoboa jicho moja, wanamwaga maji yote. Halafu kila mmoja anamimina mwenyewe samli iliyoyeyushwa, polepole, huku wote wanaitikia "Swamiye Saranam Ayyappa", yaani tunakimbilia kwako. Tundu linazibwa. Kule juu nazi inavunjwa, samli inamiminwa juu ya sanamu, na kifuu kinatupwa kwenye shimo la moto. Samli wanasema ni roho, kifuu ni mwili.

REHEMA: Hapo umenigusa, maana nazi sisi tunakuna kila siku na hatuifikirii hivyo. Haya, njia je?

MUSA: Ya zamani inaanzia mji wa Erumeli, zaidi ya kilomita 40 za msitu wa tembo. Wengi siku hizi wanapanda kutoka mto Pamba, kama kilomita 5, lakini mlima wa Neelimala unakutoa jasho. Wazee na wagonjwa wanabebwa kwa machela. Lakini ngoja niseme la Erumeli. Mahujaji wanajipaka rangi, wanacheza ngoma, na kabla ya kuelekea msituni wanapita msikitini.

REHEMA: Msikitini?

MUSA: Msikiti wa Vavar. Katika simulizi, Vavar ni Muislamu aliyekuwa rafiki wa Ayyappa. Hata kule juu, jirani na ngazi 18 za kuingilia hekaluni, kuna mahali pa Vavar, na anayepahudumia ni Muislamu. Mimi Musa nimesimama pale, dada, nikaona Wahindu wamepanga foleni mbele ya mzee wa Kiislamu. Na usiku hekalu likifungwa, wimbo wa kumlaza Ayyappa unapigwa kwa sauti ya Yesudas, mwimbaji aliyezaliwa Mkristo.

REHEMA: Zile ngazi ulizipanda?

MUSA: Hapana. Ngazi 18 ni za mwenye irumudi kichwani tu. Sisi wengine tunaingia kwa lango la kaskazini. Nilisimama chini nikawatazama askari polisi waliojipanga kwenye ngazi, wanawavuta watu kwa mkono mmoja mmoja, saa nzima bila kupumzika.

REHEMA: Sasa swali langu. Mimi nina miaka 34. Ningepanda?

MUSA: Kwa desturi, mwanamke wa miaka 10 hadi 50 hapandi, kwa sababu Ayyappa ameweka nadhiri ya useja. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Kerala iliithibitisha desturi hiyo. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India ikaifuta, majaji wanne kwa mmoja, na aliyepinga ndiye jaji pekee mwanamke kwenye jopo. Kukawa na maandamano makubwa. Januari 2, 2019 wanawake wawili wakaingia chini ya ulinzi wa polisi. Novemba mwaka huo suala likapelekwa kwa jopo kubwa zaidi.

REHEMA: Mimi nasema wazi, napenda kila anachokieleza Musa, na bado naumia kuwa mlango ule unanipima kwa umri wangu.

MUSA: Nakuelewa. Kinachoniuma mimi ni msitu. Umati unatisha: Januari 2011 kule Pulmedu, kwenye njia ya mahujaji, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kukanyagana. Na takataka! Mahakama imepiga marufuku plastiki, lakini kuna wanaobeba mpaka kwenye irumudi, na wengine wanatupa nguo mtoni wakidhani ni ibada, ingawa makuhani wanakana. Agosti 2018 mto Pamba ulifurika ukabomoa majengo na kuyafukia kwa mchanga, kituo cha mahujaji kikahamishiwa Nilakkal. Kama msitu ni wa Ayyappa, basi anayetupa chupa njiani ameitupa hekaluni.

REHEMA: Msikilizaji anauliza kama asiye Mhindu anaruhusiwa.

MUSA: Anaruhusiwa, Sabarimala haibagui dini. Ajiandikishe mtandaoni kwanza. Kati ya Novemba na katikati ya Januari ni msongamano, ila hekalu hufunguliwa pia siku tano za mwanzo za kila mwezi wa kalenda ya Kimalayalam, kalenda ya watu wa Kerala, na hapo njia inapitika kwa nafasi. Avae viatu vya kushika, maana mawe yanateleza.

REHEMA: Maswali mengine tutumieni, tutayajibu wiki ijayo.