Tengeneza akwifa darasani kwa chupa ya maji

Karibu mwalimu mwenzangu. Nipo Tukuyu, wilayani Rungwe, na leo tunatengeneza akwifa juu ya meza. Akwifa ni tabaka la mchanga, changarawe au mwamba wenye nyufa na vitundu, linaloshika maji na kuyapitisha. Wanafunzi wengi hudhani chini ya kisima kuna ziwa lililojificha. Usiwasahihishe kwa mdomo, waache waone wenyewe. Ukitaka swali la kuanzia, waulize kuhusu Ziwa Ngozi: liko ndani ya kreta na hakuna mto unaoonekana ukitoka. Maji yake huenda wapi?

Andaa chupa angavu ya maji ya lita 6, changarawe na mchanga uliooshwa, udongo wa mfinyanzi, kichwa cha chupa ya kunyunyizia pamoja na mrija wake, kipande cha soksi nyepesi na rangi nyekundu ya chakula. Kata chupa iwe fupi kuliko mrija. Huku kwetu ongeza yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Mtoto akiona jiwe linavyokunywa maji, ataelewa kwa nini mvua ya Tukuyu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, haiishii yote mtoni.

Funga soksi kwenye ncha ya mrija, kisha usimamishe ukiwa umegusa ukuta wa chupa. Hicho ndicho kisima chetu, na kichwa cha kunyunyizia ndiyo pampu. Jaza mawe na changarawe hadi nusu, juu yake mchanga. Sasa mimina maji polepole. Tazama: yanapotelea mchangani, halafu yanaanza kupanda kutoka chini, katikati ya kokoto. Mwanafunzi mmoja achore mstari yalipofikia. Piga pampu, mstari unabaki juu na maji yanashuka. Ndivyo kisima kinavyopungukiwa kuelekea mwezi wa kumi, kabla ya mvua.

Hatua inayofuata nakuomba usiiharakishe. Chimba kishimo kwenye mchanga, karibu na mrija, udondoshee rangi. Hicho ni choo, au mahali mkulima wa viazi anaposuuzia bomba la dawa. Nyunyiza mvua. Kabla hujapiga pampu, kila mtoto aandike anachotarajia. Kisha piga.

Maji mekundu. Darasa litapiga kelele, waache.

Halafu waambie: haya, safisheni. Wamimine maji safi, wapige pampu, wapange vikombe dirishani kwa mfuatano. Kwangu kikombe cha kumi kilikuwa bado na wekundu. Na vijidudu vya chooni havina rangi, wala naitreti ya mbolea haina. Shule moja niliyowahi kufundisha, kisima kilichimbwa chini ya mteremko wa vyoo kwa sababu gari la kuchimbia lilifika pale kirahisi. Maji yake yalikuwa maangavu kabisa, watoto wakayanywa kila siku. Bado naumia nikikumbuka.

Osha vitu vyote, rudia, safari hii ukikandika udongo wa mfinyanzi juu ya changarawe. Rangi itakwama juu. Toboa udongo huo pembeni ya mrija: rangi inateremka papo hapo. Hapo ndipo unapoeleza kwa nini kisima huzibwa kwa saruji pembeni na kuwekewa sakafu.

Mwisho toka nao nje na kamba yenye mafundo kila mita moja. Wapime kutoka choo hadi kisima. Mita 30 ndio umbali wa chini unaoshauriwa, kisima kikiwa upande wa juu wa mteremko, na sakafu ya shimo la choo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji, hata masika. Mto ukiwa jirani, wapime pia shamba lililo karibu: sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni.

Na yale maji mekundu usiyamwage kwanza. Waulize wanafunzi yamwagwe wapi.