Karatasi ya Sherifu Mlangoni

ZUHURA: Hamjambo wote mnaotusikiliza, mlioko barabarani mkitoka zamu ya usiku na mlioko jikoni. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka, na tunazungumza nanyi kutoka hapa Louisville, Kentucky. Wiki hii karibu ujumbe wote mliotuma unauliza jambo moja: sherifu akigonga mlango, nifungue?

BARAKA: Fungua. Naanza na jibu, dada, kwa sababu mimi sikufungua na ilinigharimu.

ZUHURA: Tutafika huko. Kwanza tumjue huyu mtu. Mimi nimekulia Ujiji, na nilipofika hapa nikasikia "sherifu", akili ilikwenda kwa sharifu, mzee wa ukoo wa Mtume. Ilinichukua muda kuelewa.

BARAKA: Huyu ni afisa wa usalama wa kaunti, na anapigiwa kura. Kentucky ina kaunti 120, na kila moja inamchagua sherifu wake kwa miaka minne. Walichaguliwa 2022, na uchaguzi wa baada ya huo umepangwa 2026. Wewe uliyekwisha kula kiapo cha uraia, kura hiyo ni yako. Katika majimbo mengi sherifu ndiye anayesimamia jela, lakini kwa Kentucky jela si kazi yake. Na hapa Louisville doria kubwa inafanywa na polisi wa jiji. Sherifu wetu wa Kaunti ya Jefferson analinda mahakama, na zaidi ya yote anapeleka karatasi zake: wito wa kesi, amri za ulinzi, amri za kutolewa nyumbani.

ZUHURA: Na anakusanya kodi ya majengo. Nasema ya majengo, si ile ya pango. Mlionunua nyumba, bili hiyo hutoka ofisini kwake wakati wa vuli. Ukiwahi kulipa unapunguziwa asilimia 2, ukichelewa hadi mwaka mpya adhabu inaanza. Halafu kuna magari. Ukinunua gari mnadani ng'ambo ya mto, kule Indiana, sherifu lazima alikague kwanza ndipo karani wa kaunti aliandike kwa jina lako. Watu wanapoteza siku nzima ya kazi kwenye foleni ya karani, kisha wanarudishwa kwa kukosa ukaguzi huo tu.

BARAKA: Sasa nisimulie?

ZUHURA: Simulia.

BARAKA: Nimezaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Uvira, mtu akikuletea konvokasio, yaani karatasi ya kukuita polisi au mahakamani, nyumba nzima inatetemeka. Hata kama huna kosa, utatoa pesa ya mafuta, pesa ya kalamu, mpaka uachiwe. Sasa mwaka wangu wa kwanza hapa, asubuhi, mlango unagongwa. Nachungulia dirishani: mtu wa sare, bastola kiunoni. Nikazima taa, nikawaambia watoto nyamazeni. Tukakaa chini, nyuma ya kochi. Akagonga mara tatu, akabandika karatasi mlangoni, akaenda zake.

ZUHURA: Na karatasi?

BARAKA: Niliitoa usiku nikaiweka juu ya friji. Sikujua kuisoma, nikaogopa kumwuliza mtu, nisije nikaonekana mhalifu. Wiki mbili baadaye jirani ananisomea: mwenye nyumba amenishtaki kwamba nadaiwa pango, na siku ya kesi imeshapita. Mimi sikuwa nadaiwa! Risiti zote nilikuwa nazo, kwenye lile begi tulilokuja nalo. Lakini hakimu hakuziona. Alimsikia mwenye nyumba peke yake, akaamua. Tukatoka, na hukumu hiyo ikanifuata kila nilikoomba nyumba.

ZUHURA: Pole sana, kaka. Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu wengi wanadhani karatasi ile ndiyo kufukuzwa kwenyewe.

BARAKA: Ni mwaliko wa kwenda kujitetea. Hapa Louisville, kama ni deni la pango, mwenye nyumba anakupa kwanza notisi ya siku 7. Asipolipwa, anafungua kesi, na sherifu anakuletea wito wenye tarehe. Siku hiyo nenda, hata kama kweli unadaiwa. Beba risiti. Mkalimani wa mahakama halipwi na wewe, omba mapema. Na 2021 jiji hili lilipitisha sheria ya kuzipa familia za kipato kidogo zenye watoto wakili wa bure katika kesi hizi. Ukishindwa, bado una siku 7 za kukata rufaa. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kufuli mwenyewe au kutupa vitu vyako nje. Lazima iwepo amri ya mahakama, na sherifu ndiye anayeitekeleza.

ZUHURA: Na kupokea karatasi si kumkaribisha mtu ndani. Muulize kwanza ni nani na ametoka ofisi gani, pokea, funga mlango, kisha isomwe siku hiyo hiyo.

BARAKA: Hata kama msomaji ni mtoto wa darasa la tano.

ZUHURA: Kuna karatasi nyingine, na hii nawaambia hasa dada zangu. Mume, mpenzi au mtu wa familia akikupiga au akikutishia kukuua, una haki ya kuomba amri ya dharura ya ulinzi. Haina malipo, na Kentucky inapokelewa saa yoyote, mchana au usiku. Hakimu akiitoa, naibu wa sherifu anampelekea yule mtu mkononi, na ndani ya siku 14 mnaitwa mbele ya hakimu. Ikithibitishwa inaweza kudumu hadi miaka mitatu, na inaweza kuongezwa. Najua tunapenda wazee wakae, wasuluhishe. Wakae, lakini si wakati mtu ameshikwa koo.

BARAKA: Waeleze na ile huduma ya simu.

ZUHURA: Inaitwa VINE, na ilizaliwa hapa hapa. Desemba 1993 msichana mmoja wa Louisville aliuawa siku aliyotimiza miaka 21. Aliyemuua alikuwa mpenzi wake wa zamani, ametoka jela kwa dhamana, na hakuna aliyemwambia kwamba mtu yule yuko nje. Mwaka uliofuata kaunti yetu ikaanzisha mfumo wa kumpigia aliyeumizwa pale mfungwa anapoachiwa. Leo uko katika majimbo mengi, na ni bure. Kila nikiwaza kwamba simu moja ingetosha, naumia.

BARAKA: Sasa nyie mnaopigiwa simu na "ofisi ya sherifu". Anakwambia hukwenda kwenye baraza la mahakama, yaani wale raia wanaoitwa kusikiliza kesi na kuamua, kwa hiyo kuna hati ya kukukamata, nenda dukani ununue kadi za zawadi umsomee namba. Huyo ni tapeli, hata kama simu yako inaonyesha namba ya ofisi ya kweli. Wito wa baraza ni wa raia tu, na huja kwa posta. Sherifu hafuti hati ya kukamatwa kwa kadi ya dukani. Kata simu, tafuta namba ya ofisi mwenyewe, uliza.

ZUHURA: Na 911, namba ya dharura? Mama mmoja anasema hapigi kwa kuwa hajui Kiingereza.

BARAKA: Mama, piga. Taja anwani, kisha sema neno moja, "Swahili", ubaki kwenye laini mpaka mkalimani aunganishwe. Mtoto akipiga kwa bahati mbaya usikate, waambie ni makosa. La barabarani ni fupi: ukisimamishwa, usishuke kwenda kumsalimia afande. Kwetu ni adabu, hapa inamtisha. Baki ndani, mikono juu ya usukani. Wala usimpe pesa, unaweza kufungwa kwa hilo.

ZUHURA: Kaka, tangu siku ile umewahi kugongewa tena?

BARAKA: Mwaka jana. Sare ile ile. Moyo ulidunda, nikafungua. Anamtafuta mtu aliyeishi pale kabla yetu. Nikamwambia alihama. Akashukuru, akaondoka, hata dakika mbili hazikufika. Nilipogeuka, watoto walikuwa chini, nyuma ya kochi. Hakuna aliyewaambia.