Pengo la Ngazi

Hamjambo mafundi? Asanteni kwa kuja Jumamosi mchana, najua wengine mmetoka mjengo moja kwa moja na simenti ingali kwenye viatu. Sitawaweka sana.

Niliombwa nizungumzie usalama wa kazi za juu. Mada hiyo ni bahari, kwa hiyo nitashika kitu kimoja tu: lile pengo tunaloliacha kwenye reli za jukwaa ili ngazi ipate pa kupitia.

Nianze na bega langu hili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikipiga plasta nyumba moja ya kupangisha huko Kayole, Nairobi, ghorofa ya kwanza. Jukwaa la kusimamia lilikuwa la miti ya mkaratusi, limefungwa vizuri, lina reli. Mwenye nyumba simsemi vibaya, alijitahidi. Nikamaliza kipande, nikapitisha ubao wa kunyooshea, kisha nikafanya lile ambalo kila fundi wa plasta hulifanya: nikarudi nyuma kutazama kazi yangu. Hatua ya kwanza ilikuta ubao. Ya pili haikukuta kitu. Nilikuwa nimesimama mbele ya lile pengo la ngazi. Nikaangukia rundo la mchanga, mtulinga ukavunjika. Kijana aliyekuwa chini akikoroga simenti aliniambia baadaye kwamba mwiko ulikuwa bado mkononi.

Mnaona ilivyo. Tunazungushia shamba ua, halafu lango tunaliacha wazi. Na pale kwenye ngazi ndipo watu hupita kutwa nzima, mmoja karai begani, mwingine akishuka kinyumenyume. Kutoka mita 3 mtu hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Hapo hudaki kitu.

Wengi wenu mtasema, sisi huweka mnyororo. Sawa, ni bora kuliko hewa. Lakini mnyororo unamngoja mtu aurudishe, na mtu huyo ana karai, ana njaa, na msimamizi anapiga kelele. Asubuhi unafungwa. Saa nne chai ikija unafunguliwa, watu wanashuka, na huo ndio mwisho wake hadi kesho. Isitoshe, mnyororo hulegea katikati: ukiuegemea, mnakwenda pamoja.

Ndiyo maana napenda mlango unaojifunga wenyewe. Marekani, kanuni za kazi za viwandani zilizoanza kutumika Januari 2017 zinataka tundu la ngazi liwe na mlango wa namna hiyo, au njia ipindishwe ili mtu asitembee moja kwa moja hadi shimoni. Uingereza, kanuni za kazi za juu za 2005 zinataka kwenye ujenzi reli ya juu isipungue milimita 950 na nafasi kati ya reli na reli isizidi milimita 470. Vipimo hivyo vitoshe pia kwa mlango. Mlango unaofika magotini ni wa kuzuia kuku.

Sasa, ufungukie wapi? Ndani, upande wa jukwaa. Anayepanda anausukuma anaingia. Aliye juu akiuegemea unagonga nguzo na kukaa hapo. Ukifungukia nje umetengeneza mtego. Kwa hiyo chomeleeni kipande cha chuma kwenye nguzo kiuzuie usivuke.

Springi huliwa na simenti, hilo mnalijua. Fundi mmoja wa kuchomelea wa Kariobangi alinifundisha ujanja: bawaba ya juu isikae mstari mmoja na ya chini, isogezwe kidogo, mlango urudi kwa uzito wake. Ni kama lile lango la boma lililoinama, ambalo mzee hulisukuma kila siku na kila siku linajirudishia. Kila asubuhi ufungueni hadi mwisho, muuachilie. Mlango usipofika kwenye nguzo, kazi haijaanza.

Adui mkubwa wa mlango huu ni ile waya ya kufungia nondo. Mawe yanapopandishwa, mtu anauona mlango unamsumbua, anaufunga wazi kwa waya. Simlaumu sana. Kosa ni la aliyepitisha mawe kwenye njia ya watu. Mzigo uwe na mahali pake, na hapo kuna mlango wa kupinduka: upande wa nje ukiinuka kupokea mzigo, wa ndani unashuka mbele yenu, mkitaka kuchukua mzigo, wa nje unashuka kwanza. Muda wote kuna reli kati yenu na ukingo.

Kwa wale wa majukwaa yanayoinuliwa na mashine, fungeni kizuizi cha kuingilia kabla hamjagusa kidude cha kupanda. Na msikifunge kamba kikae juu.

Msimamizi akikuambia upande hivyo hivyo? Sheria yetu ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa kwa aliye juu yako, na mwajiri hawezi kukurudisha pale kabla hajairekebisha. Najua kibarua wa siku huogopa kesho asiitwe. Ndiyo maana ni vizuri mseme mkiwa wanne, watano. Na penye watu 20 au zaidi, sheria hiyo inataka kamati ya usalama; ulizeni ya kwenu iko wapi.

Maneno yametosha. Huu hapa mlango, nimekuja nao kwenye pikapu, umefungwa kwenye nguzo mbili. Njooni mmoja mmoja, karai lile pale lina mchanga. Libebe, pita, usiuguse mlango ukishaingia. Halafu geuka uone umefanya nini.