Kabla Hujamgusa Gavana

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena, maana wiki haiishi bila mtu kuniletea picha ya skrini: “Seva yangu ni ya gigahezi 2.6, mbona inasoma megahezi 800?” Namuuliza: ulipopima, ilikuwa inafanya kazi gani? Kimya. Ndugu zangu, prosesa isiyo na kazi hushusha mwendo ili isile umeme bure. Ipe mzigo kwanza, programu ya kuichosha kama stress-ng dakika mbili tatu, kisha soma mwendo kwa turbostat mzigo ukiwa bado juu.

Sasa ile seva yetu iliyokuwa Ujerumani. Tuliipa mzigo, prosesa ikafika asilimia 100, mwendo ukaganda pale pale 800. Kijana wetu akamkimbilia gavana, ambaye kwenye Linux ndiye mchagua mwendo. Kwa amri ya cpupower akatoa powersave, mpangilio wa kuokoa umeme, akaweka performance, wa mwendo wa juu. Wapi! Akawasha mashine upya, saa mbili usiku, wateja wamo ndani. Bado 800. Nikamwambia, mwanangu, ukiing'oa spidi gavana na basi bado linatambaa, fungua boneti. Boneti ya seva iliyo mbali ni BMC, ile kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva yenye njia yake ya mtandao, inayojibu hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Tukaingia kwa ipmitool, programu ya kuzungumza na BMC, tukasoma sensa na orodha ya matukio. Pawasaplai moja kati ya mbili ilikuwa imekufa! Bodi ilikuwa inaibana prosesa isiilemee ile iliyobaki, na hilo gavana hana amri nalo. Ikabadilishwa, mwendo ukarudi wenyewe.

Mtu atasema, lakini powersave si ndiyo inayobana? Inategemea dereva, yaani programu ndani ya Linux inayobadilisha mwendo wenyewe. Kwa acpi-cpufreq, ndiyo, hukaa chini kabisa. Kwa intel_pstate hupandisha mwendo mzigo ukija. Jina moja, tabia mbili! Kwa hiyo someni faili ya scaling_driver, inayotaja dereva, kabla ya scaling_governor, inayotaja gavana. Nawaomba sana.

Muda unanibana. Kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayogawana mashine halisi na wengine, gavana kwa kawaida humwoni kabisa. Tazama st kwenye amri ya top, ikipanda ujue zamu yako ya prosesa wamepewa wengine. Joto nalo, core_throttle_count, hesabu ya mara prosesa ilipobanwa na joto, ikiongezeka, mara nyingi tatizo ni feni au vumbi. Halafu mpangilio wa cpupower hupotea mashine ikiwashwa upya, uandikieni huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, iurudishe kila inapowaka. Ya BIOS, mipangilio ya bodi yenyewe, tuyaache hadi siku nyingine.

Dada pale nyuma, uliinua mkono tangu mwanzo. Karibu.