Mikimbio Sita

Mwenyekiti, walimu wenzangu wa michezo. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, yangu naidai.

Nimeombwa nizungumzie mashindano ya kriketi ya ova 20, kila ova mipira sita, kati ya majirani. Naona huko nyuma kuna watu walionisikia mwaka jana na wameshaanza kunong'onezana: "Mzee na Mali yake." Naam. Mali ile ile, timu ya taifa. Mpaka siku mtakayoacha kuicheka, nitakuwa nakuja nayo.

Karatasi hii ni kadi ya alama niliyoinakili kwa mkono. Kigali, tarehe 18 Juni 2019, mashindano ya wanawake ya Kwibuka, Mali dhidi ya wenyeji Rwanda. Nisomeni nami. Mali wanaanza kupiga. Mpigaji wa kufungua, mkimbio mmoja, yaani alama moja. Anayefuata, sifuri. Anayefuata, sifuri. Nikiendelea hivyo mtasinzia, maana waliobaki wote ni sifuri. Chini kabisa kuna mikimbio mitano ya ziada, ambayo haikutoka kwenye gongo, yaani beti, ya mtu. Mmoja na mitano, sita. Ova tisa, wote nje. Rwanda wakaingia wakitafuta saba, wakazipata kwa mipira minne. Aliyeinuka kutafuta chai alirudi akakuta watu wanapeana mikono.

Haya, chekeni, mmalize.

Siku mbili baadaye Uganda wakapiga 314 kwa wiketi mbili, yaani wawili tu wametolewa, dhidi ya Mali hao hao, wapigaji wawili wakavuka mia kila mmoja. Mali wakajibu kwa kumi. Tarehe 22 ikawa zamu ya mabinti zetu wa Tanzania: 285 kwa wiketi moja, Fatuma Kibasu 108 bila kutolewa. Mali 17. Tanzania tukachukua kombe, tukapiga vigelegele, na sikusikia mtu hapa nyumbani akiuliza wale wapinzani walikuwa wakina nani.

Magazeti ya dunia nzima yaliandika ile sita. Kwa nini? Kwa sababu Baraza la Kimataifa la Kriketi lilikuwa limeamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila mechi ya ova 20 kati ya timu za taifa za wanawake wa nchi wanachama iingie kwenye rekodi rasmi. Ingechezwa mwaka mmoja kabla, ile sita ingebaki kwenye daftari la mwandika alama. Kwa hiyo mabinti waliojifunza mchezo katika nchi ambayo muuza duka akiona beti anadhani ni ya kupondea kitu, waliingia kitabu kimoja na Australia. Hawakupewa hata msimu mmoja wa kukosea gizani kama tulivyokosea sisi.

Maana sisi tulikosea! Mwaka 1975, Kombe la kwanza la Dunia la wanaume kule Uingereza, palikuwa na timu inaitwa Afrika Mashariki. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kapu moja. Ndani yake alikuwemo John Nagenda, yule mwandishi wa Uganda. New Zealand walitushinda kwa mikimbio 181. India walitushinda bila kupoteza hata wiketi moja. Uingereza, 196. Mechi tatu, tukafunga mizigo. Mngekuwepo na simu zenu mngetutengenezea vibonzo hadi leo. Halafu hesabuni miaka 21. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya wanawatoa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, wote kwa 93 na kushinda. Mwaka 2003 Kenya iko nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ndiyo, New Zealand walikataa kuja Nairobi na pointi zikabaki Kenya, msinikatize, hilo nalijua. Lakini Sri Lanka walikuja Nairobi, na Collins Obuya akawatoa watano peke yake.

Mkono pale. Sema, mwanangu... Anasema kuwaleta Mali kwa timu zilizowazidi hivyo ni kuwadhalilisha, wangepangiwa daraja lao. Nakubali nusu. Mimi ningekuwa kocha wa timu iliyofika mia mbili na kitu, ningewaingiza wapigaji wangu wa mwisho kabisa nao wauone mpira. Nusu nyingine siikubali. Daraja lao liko wapi? Lianzishwe na nani, lini, kwa nauli ya nani? Ukisema "wasubiri daraja lao" unasema wasicheze, ila umelisema kwa adabu. Na hao mabinti, baada ya ile sita, waliamka wakavaa jezi wakaingia tena uwanjani. Mimi nina wanafunzi wanaofungwa tatu bila kwenye netiboli, Jumatatu wote wanaumwa tumbo.

Na kabla sijaulizwa, maana huulizwa kila mahali: "Mwalimu, kriketi si mchezo wa Wahindi?" Kwanza, hao unaowaita Wahindi wengi ni Watanzania, babu zao wamezikwa hapa. Pili, mtazame timu ya Uganda, mtazame ya Rwanda, kisha mje tuzungumze. Tuendelee.

Kwibuka. Hilo neno halihitaji mkalimani, Mswahili yeyote analisikia: ni kukumbuka. Mashindano yalianza 2014, miaka ishirini baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na huchezwa ndani ya zile siku mia moja za maombolezo. Kriketi yenyewe ilirudi na watu. Vijana waliokulia ukimbizini, Uganda na Kenya hasa, walirejea baada ya 1994 na mchezo waliojifunzia shuleni huko. Wakacheza wapi? Kicukiro, kwenye eneo la shule ya ufundi ya ETO. Wenye umri wangu wanaikumbuka ETO. Watu wapatao elfu mbili walikimbilia pale chini ya askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wakaondoka. Yaliyofuata siwezi kuyasimulia asubuhi hii. Pale ndipo walipotandika zulia lao la kudundishia mpira na kuanza kurusha.

Kisha wakataka uwanja wao. Mei 2016 nahodha wa Rwanda, Eric Dusingizimana, akaingia kwenye wavu wa mazoezi jijini Kigali akapiga mipira kwa saa 51, usiku na mchana, ili dunia igeuke itazame na fedha zichangwe. Rekodi ya dunia, nayo. Waliocheka sita ya Mali, hii ya saa 51 waliisikia? Oktoba 2017 uwanja wa Gahanga ukafunguliwa, na mapaa yake matatu ya kuba yanayoshuka kama mpira unavyodunda, vigae vyake vimetengenezwa kwa udongo wa hapo hapo. Mkipita Kigali nendeni mkauone, ni basi tu.

Sasa nifike ninapotaka. Rwanda ndio wenyeji tangu 2014. Ukitoa 2020, kila mwaka wanaalika majirani, wanapika, wanafagia, na jirani anaondoka na kombe. Kenya wameondoka nalo. Uganda wameondoka nalo. Sisi tumeondoka nalo 2019, na tena 2022. Nyumba yao, sahani zao, nyama tunakula sisi! Wangeweza kusema imetosha. Walialika tena. Januari 2023, Kombe la kwanza la Dunia la wasichana chini ya miaka 19, kule Afrika Kusini, wasichana wa Rwanda wanaifunga Zimbabwe, Henriette Ishimwe anaangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Siku chache baadaye wanaifunga West Indies. West Indies, walimu! Na Juni mwaka huo huo, kombe la Kwibuka likabaki Kigali kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana nikiulizwa mashindano fulani ya majirani ni mazuri kiasi gani, siulizi nani bingwa. Nauliza kitu kimoja: mwakani yapo? Kwibuka ina mwezi wake na ina uwanja wake, binti wa Dar au Nakuru anajua Juni kuna safari. Yetu mengine je? Niliwahi kupokea barua ya mashindano ya wasichana wa nchi jirani, siitaji ya nani. Tulifanya mazoezi miezi minne, alfajiri, kabla ya kipindi cha kwanza. Wazazi wakachangia pasi za kusafiria. Wiki mbili kabla ya kuondoka ikaja simu: yameahirishwa hadi tutakapojulishwa. Ni mwaka wa sita, sijajulishwa. Nahodha wangu wa wakati ule ana mtoto anayeanza chekechea, na akikutana nami bado anauliza, "Mwalimu, ile safari?"

Mali walipata safari yao.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengine matatu, nitayapitisha mbio. Wanaume wa Uganda: Novemba 2023, Windhoek, waliwafunga Zimbabwe, na tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 wakaikata kwa kumfunga jirani yao Rwanda. Kwenye Kombe lenyewe, kule Guyana, wakawashinda Papua New Guinea, Frank Nsubuga akiwa na miaka 43 amerusha ova nne kwa mikimbio minne tu. Mechi iliyofuata West Indies wakawatoa wote kwa 39, na wale wacheka-Mali wakarudi kazini. La pili, waamuzi na waandika alama wa kike. Hilo linastahili siku yake, mwenyekiti, nipangie. La tatu ni Kenya, wametoka nusu fainali wakaenda wapi, na hilo nikilianza hamli chakula cha mchana.

Kadi naiacha hapa mezani. Anayetaka ainakili, ila aandike na majina ya wale kumi na mmoja wa Mali, msiandike sifuri peke yake. Na nani kachukua kalamu yangu?