Mtandao haushiki nyumbani, mkataba bado una miezi saba: unatokaje?

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunakwenda moja kwa moja kwenye jambo linalowasumbua wengi waliohamia maeneo mapya ya Dodoma, kuanzia Iyumbu na Nzuguni hadi Ihumwa na kule Mtumba. Umesaini mkataba wa intaneti ya ruta kwa miezi 12, au laini ya malipo ya baada. Ukifika nyumbani, mtandao haushiki. Ukitaka kuvunja mkataba unaambiwa ulipe miezi yote iliyobaki. Kaka Mazengo, tuanzie wapi?

MAZENGO: Tuanze na kosa linalowagharimu watu wengi, dada Neema. Mtu anakasirika, anazima ruta, anaitupa juu ya kabati na kuacha kulipa. Anadhani kampuni itaelewa yenyewe. Haielewi. Kwenye mfumo wao anaonekana mdaiwa wa kawaida, na deni linakua kila mwezi. Siku akija kulalamikia mtandao, mazungumzo yatakuwa juu ya deni.

NEEMA: Kwa hiyo aendelee kulipia huduma asiyoipata?

MAZENGO: Alipe wakati anakusanya ushahidi na kusubiri majibu, yaani kama mwezi mmoja hadi miwili. Hela hiyo anaweza kuidai baadaye kwa maandishi. Akishaacha kulipa kabla ya kutoa taarifa, yeye ndiye anayeonekana amevunja mkataba.

NEEMA: Haya, ushahidi. Watu wengi wanapiga picha vijiti vya mtandao pale juu ya kioo cha simu.

MAZENGO: Vijiti havifai kuwa ushahidi. Kila mtengenezaji wa simu anavipanga anavyotaka. Simu hii inaonyesha vitatu na ile inaonyesha kimoja, mahali palepale. Tumia namba. Kwenye simu nyingi za Android nenda Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm, yaani kipimo cha desibeli. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo utafunguka. Ruta nayo ina ukurasa wake: geuza chini, soma anwani iliyoandikwa kwenye lebo, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, iandike kwenye kivinjari ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi yake. Humo tafuta mstari wa RSRP na wa SINR.

NEEMA: Fafanua hizo mbili, maana ndizo roho ya jambo lenyewe.

MAZENGO: RSRP ni nguvu ya mawimbi ya 4G yanayokufikia. Ni namba hasi, na kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Hasi 80 ni nzuri sana. Hasi 100 inaanza kuchoka. Ikifika hasi 115 simu inakatikakatika na ujumbe unagoma kwenda. Tena kipimo hiki hakishuki kama rula: kila ukishuka desibeli 10, nguvu inagawanywa kwa 10. Kutoka hasi 85 hadi hasi 115 nguvu imepungua mara 1,000.

NEEMA: Na SINR?

MAZENGO: Hiyo inapima usafi wa mawimbi, yaani yalivyo juu ya kelele na mwingiliano wa minara mingine. Ikizidi 20 ni safi kabisa. Ikiwa chini ya sifuri, hata nguvu ikiwa kubwa, intaneti inakwenda kwa kusuasua. Mtu akiona vijiti vimejaa na video haifunguki, mara nyingi tatizo liko hapa, au mnara umeelemewa na watu.

NEEMA: Utajuaje kwamba mnara umeelemewa?

MAZENGO: Kwa saa. Pima saa kumi alfajiri, kisha pima saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi kutoka kazini na wanatazama simu. RSRP ikiwa ileile lakini kasi ya alfajiri ni mara kumi ya ile ya usiku, mnara upo na unashika vizuri, ila umebanwa. Hapo kampuni inatakiwa iongeze uwezo wa mnara. Ruta mpya watakayokupa haitabadilisha kitu.

NEEMA: Sasa kuna hoja ambayo kampuni wataitoa mapema kabisa: "Nyumba yako ndiyo yenye tatizo."

MAZENGO: Na wakati mwingine wanasema kweli. Bati linarudisha mawimbi. Nyumba ya bati la msauzi, dari ya jipsamu iliyoshikiliwa na fremu za chuma na madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya tinti inakula desibeli nyingi. Kwa hiyo pima sehemu tatu: chumbani ruta inapokaa, dirishani, na uani mbali na ukuta. Ukipata hasi 112 ndani na hasi 90 nje, tofauti ya 22 imeliwa na nyumba. Hapo kuvunja mkataba kwa hoja ya mtandao ni kazi ngumu. Hamishia ruta dirishani upande wa mnara, iinue juu, au uliza kama ina matundu ya kuunganisha antena ya nje.

NEEMA: Na uani nako kukiwa hasi 115?

MAZENGO: Hapo tatizo ni la mtandao wao, na hiyo ndiyo kesi yako. Dodoma ina vilima vya mawe kila upande. Mtaa ukiwa nyuma ya kilima na mnara upo upande wa pili, kivuli chake kinafika mbali. Isitoshe, mji umepanuka kwa kasi tangu serikali ihamie hapa, na viwanja vimejengwa kabla minara haijafuata. Huko vijijini, Chemba au Mpwapwa, ndiko mradi wa minara 758 wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulikolenga. Mikataba yake ilisainiwa hapa Dodoma mwaka 2023. Mtaa wa mjini wenye kivuli unategemea kampuni yenyewe iamue.

NEEMA: Tupeni ratiba ya kupima.

MAZENGO: Siku saba mfululizo, mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Kila mara andika tarehe, saa, mahali, RSRP, SINR, kasi ya kupakua na ya kupandisha. Hiyo ni mistari 21. Piga picha ya skrini inayoonyesha saa. Angalia bando tu, maana jaribio moja la kasi linaweza kula megabaiti makumi. Andika pia umeme ulipokatika, kwa sababu mnara wenye betri chovu huzima baada ya muda. Mtandao ukipotea kila TANESCO inapokata, hilo ni kosa la mnara na lina ufumbuzi. Na kabla ya yote, jaribu laini hiyo kwenye simu nyingine, ili wasikwambie simu yako haikubali masafa yao.

NEEMA: Vizuri. Sasa nichukue upande wa karatasi. Toa mkataba wako usome sehemu nne: muda, anwani ya huduma, faini ya kuvunja mapema, na kifungu cha ubora. Anwani ndiyo muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mkataba ukiandika kwamba huduma itatolewa mtaa wa Kisasa, block fulani, nyumba fulani, basi vipimo vya hapo ndivyo vyenye uzito. Kama fomu ina jina la mji tu, tafuta meseji za wakala aliyekuhakikishia kwamba kwako panashika. Usizifute.

MAZENGO: Na ile sentensi ya "huduma inategemea upatikanaji wa mtandao"?

NEEMA: Ipo karibu kwenye kila fomu. Inawakinga kwa hitilafu ya siku mbili tatu. Huduma isiyopatikana tangu siku ya kwanza hadi leo ni suala jingine kabisa, na ndiyo maana ile jedwali ya siku saba ina thamani.

MAZENGO: Hatua ya kwanza ni kupiga 100?

NEEMA: Piga huduma kwa wateja, lakini usikate simu bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Bila hiyo ni kama hukupiga. Kisha andika barua au barua pepe, na ukipeleka dukani nenda na nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, urudi nayo. Maneno yasiwe mengi. Kwa mfano: "Mimi mteja mwenye namba ya akaunti hii, naomba mrekebishe huduma katika anwani iliyo kwenye mkataba wetu. Kuanzia tarehe 3 hadi 9 nimepima mara 21. RSRP uani ilikuwa kati ya -113 na -119. Lalamiko langu mlilipatia namba hii. Msiporekebisha ndani ya siku 30, naomba mkataba usitishwe bila faini, na nitarudisha ruta." Ambatisha jedwali na picha. Imetosha.

MAZENGO: Siku 30 umezitoa wapi?

NEEMA: Ndio muda ambao mtoa huduma anapewa kushughulikia lalamiko kabla hujalipeleka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Ukienda TCRA bila kuanza na kampuni, utarudishwa. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma, kwa hiyo huna haja ya kufunga safari ya Dar es Salaam. Peleka mkataba, barua yenye muhuri, namba ya kumbukumbu, jedwali na risiti za malipo. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA CCC, linaloweza kukusaidia kuliandaa lalamiko. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anakata rufaa Baraza la Ushindani.

MAZENGO: Tuzungumze hela. Kampuni inasema: imebaki miezi saba, lipa yote.

NEEMA: Hapa watu wanatishika bure. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipa pale unapovunjwa, anayelalamika anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichoandikwa ni dari; si lazima ndicho kilipwe. Tuchukue mfano: bando la 100,000 kwa mwezi, miezi 12, ruta ya 250,000 uliyopewa bila kuilipia. Umetumia miezi mitano. Wanadai 700,000. Lakini intaneti ya miezi saba ijayo hawatakupa, na gharama yao halisi ni ruta. Gawa 250,000 kwa 12, zidisha kwa 7: ni kama 145,833. Ukirudisha ruta ikiwa nzima, hata hiyo ina hoja ya kufutwa. Peleka hesabu hiyo mezani ikiwa imeandikwa.

MAZENGO: Na mwenye simu ya mkopo?

NEEMA: Huo ni mkataba mwingine. Mtandao mbovu haufuti deni la simu, na ukiacha kulipa simu inafungwa kutoka mbali. Usichanganye.

MAZENGO: Mwenye laini ya malipo ya baada naye, kama shida yake ni mnara tu, anaweza kuhama na namba yake. Huduma hiyo ipo Tanzania tangu Machi 1, 2017. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080, wanaendelea. Ila deni likiwepo litakukwamisha, kwa hiyo maliza kwanza lile suala la faini. Toa pia pesa yote kwenye akaunti ya simu na lipa mikopo uliyochukua humo.

NEEMA: Siku ya kurudisha ruta, ibebe na chaja yake, waya na boksi. Waandike namba ya IMEI, ile inayotambulisha ruta yako, kwenye hati ya mapokezi na wagonge muhuri. Omba barua ya kufunga akaunti inayosema salio la deni ni sifuri.

MAZENGO: Kisha laini ya ndani ya ruta, watu wanaisahau. Bado imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Baada ya siku chache piga *106#, angalia laini zilizo kwa jina lako, na kama ile bado ipo, rudi na barua yako waiondoe.