Piga Picha Kabla Hakijang'olewa

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, vijana, ndugu zangu wa Kilifi na nyinyi mliotoka mbali, asanteni kwa kufika.

Wengi wenu kigango mnakijua tangu utotoni. Kwa wageni nitasema kwa ufupi: ni mti mgumu uliochongwa kwa umbo la mtu, unaosimamishiwa marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kikishasimama hakiondolewi. Kwa hilo sina la kuongeza, tuingie kwenye hoja.

Hoja yangu ni picha. Kila nikipewa kipaza sauti nalisema hili, na leo nalisema tena kwa sababu bado halijafanywa.

Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye mama huyo akarudi kumpelekea mzee nakala ya picha, kama heshima inavyotaka. Akakuta msiba juu ya msiba: vigango vyote viwili vimeibwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Hebu fikirini, vinatafutwa wapi? Unakwenda kituo cha polisi, unasema nini? Kwamba kuna mti umechukuliwa? Upi? Mwaka baada ya mwaka ukapita. Mpaka 1999, kwenye mkutano wa wanazuoni wa mambo ya Afrika huko Marekani, Linda Giles, mtafiti mwingine aliyeijua pwani yetu, akawa anaonyesha picha za vigango vilivyokuwa mikononi mwa chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy yumo ukumbini. Pakaonyeshwa kimoja, akakitambua. Ni cha Mzee Kalume! Cha pili kikaja kuonekana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Kile cha Illinois kikadaiwa, na mwaka 2007 familia ikakipokea kwa sherehe. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Sasa niambieni, nini kilichokirudisha? Si bahati peke yake. Bahati ilimweka yule mama ukumbini, lakini bila picha ya 1985 angesema nini mbele ya wakurugenzi wa makumbusho? Wangemwuliza ushahidi, naye angebaki na maneno matupu. Yeye na Giles, pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa, walivifuatilia vigango wakavikuta 294 katika makumbusho 19 za Marekani. Na hivyo ni vile vya makumbusho tu, vya sebuleni kwa matajiri hatuvihesabu. Je, vingapi kati ya hivyo vina picha iliyopigwa kwao, vikiwa vimesimama ardhini?

Tazameni vile 30 vya makumbusho ya Denver, Marekani. Makumbusho yale yalivipokea kama zawadi mwaka 1990. Mwaka 2014 wakakubali kuvirudisha, na vikafika Kenya 2019. Nawashukuru, wametenda haki. Lakini vimerudi nchini, havijarudi mjini kwao, yaani kwenye boma la ukoo, maana hakuna ajuaye vilitoka mji gani na ni vya marehemu yupi. Hili ndilo linaloniuma.

Najua kuna anayesema moyoni, "Si vilikuwa vimetelekezwa? Watu walihama wakaviacha." Hayo ni maneno ya wauzaji, nami nimechoka kuyasikia yakirudiwa na watoto wetu. Mji ukihama, kigango hubaki. Huko waendako husimamishwa kibao, yaani nguzo ndogo ya badala yake. Kubaki ndiyo desturi yenyewe! Wewe uliyehamia Nairobi, kaburi la babako huku umelitelekeza? Mtu akilichimba utasema halina mwenyewe?

Mwingine atasema wezi ni vijana wetu. Ndiyo, wako. Kijana anang'oa usiku, anapewa vijisenti, na dukani Marekani kitu kile kile kinauzwa maelfu ya dola. Simtetei hata kidogo, ashtakiwe. Lakini asingeng'oa kama dalali hakumngoja barabarani, na dalali asingengoja kama ng'ambo hakuna mnunuzi asiyeuliza kitu kimetoka wapi.

Basi vijana, toeni simu zenu. Piga mbele, nyuma na ubavuni. Sogea karibu kwenye mchongo: zile safu za pembetatu, ua la duara kifuani, mabaki ya rangi nyekundu na nyeupe. Piga ufa, piga palipoliwa, kwa sababu michongo inaweza kufanana lakini nyufa hazifanani. Pima urefu na upana kwa futi ya fundi. Andika ni cha nani, nani alimsimamishia, uko wapi mji wenyewe. Utaratibu huu unafuatwa duniani kote, unaitwa Object ID. Interpol nao wana programu ya simu ya bure, ID-Art, tangu 2021. Imetengenezwa kwa kazi hii hii.

Lakini kwanza omba ruhusa kwa wenye mji. Huendi pale kama mtalii. Na picha hizo usizirushe kwenye mitandao! Ukitaja mahali, umempa mwizi ramani. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine ipelekwe makumbusho.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kuzungumzia Gede na milango ya Lamu, haitawezekana. Kuhusu sheria, tunayo ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Isomeni, hasa nyinyi machifu. Jambo la forodha siwezi kuliruka: kuna vigango vilivyorudishwa kutoka California vikakwama kwa kudaiwa ushuru. Ushuru wa kumrudisha babu yako nyumbani! Wabunge wetu waliomo humu walichukue hilo kesho, wasingoje uchaguzi.

Walimu wenye vilabu vya historia shuleni, msiondoke. Nimekuja na futi na fomu zilizopigwa chapa, njooni huku mbele tugawane miji.